UNYOFU WA GARI HUPIMWA LIKIWA NA MZIGO WAKE

Wahenga walinena: Usione vyaelea, vimeundwa. Neno hilo lilinenwa kwa ajili ya vyombo vya baharini, lakini lafaa pia kwa vyombo vya barabarani. Askari apandaye nyuma ya gari la kikosi alfajiri, bunduki mapajani na koti la mvua begani, hana habari ya vipande vidogo vya chuma na mpira vinavyoyashika magurudumu ya mbele. Yeye huiona barabara tu. Habari ya vipande hivyo huipata siku gari linapokataa kuutii usukani.

Siku kama hiyo ilitufika sisi. Tulikuwa tukirejea Bujumbura kutoka Gitega kwa gari la pikapu, askari tisa nyuma pamoja na mizigo yao, nasi tumeketi mbele kando ya dereva. Tulipokwisha kuipita Bugarama tukaanza kuteremka. Waijuao Barabara ya Taifa Namba 1 hawahitaji kuelezwa: katika mwendo wa kilomita thelathini na kitu, gari hushuka kutoka mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 hadi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kona hufuatana kama shanga katika uzi, na katika kila kona hukosi mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi au makaa kuyapeleka mjini.

Katika mojawapo ya kona hizo dereva alikanyaga breki, wala si kwa nguvu ya kupita kiasi. Gari likaruka kwenda kulia kana kwamba limevutwa kwa kamba. Dereva akapambana na usukani. Gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni, gari likasimama limeinama, na mwendesha baiskeli mmoja akatupita kwa umbali wa mkono. Askari wawili walichubuka. Hakuna aliyekufa. Lakini ng'ambo ya mtaro ule palikuwa na korongo, na kila mmoja wetu aliliona.

Ikafuata taarifa, kama ilivyo desturi. Dereva wetu alikuwa koplo mwenye miaka tisa katika kazi ya udereva. Maelezo yake yalikuwa mafupi: “Afande, gari limenivuta.” Akajibiwa lile wanalojibiwa madereva wote duniani, kwamba gari halijiendeshi. Tena palikuwapo karatasi. Majuma mawili kabla ya safari gari hilo lilipelekwa katika gereji moja ya mjini kupimwa unyofu wa magurudumu, na karatasi ya gereji ilisema kila kitu ki sawa. Nasi wenyewe tulitia saini katika hati ya safari kwamba gari ni zima. Hivyo basi karatasi mbili zilisimama upande mmoja, na neno la koplo likasimama peke yake upande wa pili.

Kabla ya kutia saini ya tatu, tuliamua kulipeleka gari Bwiza.

MZEE NA PICHA

Bwiza ni mtaa usiolala. Barabara zake hujulikana kwa namba, muziki hutoka katika kila mlango, na moshi wa mishikaki huanza kupanda kabla jua halijazama. Ni jirani wa Buyenzi, mtaa wa kale wa Waswahili wa Bujumbura, na ufundi wa magari umeenea huko na huko pasipo mpaka. Humo Kiswahili ni lugha ya spana na jeki: mwenye gari azungumze Kirundi au Kifaransa nyumbani kwake, akifika chini ya mwembe wa fundi hana budi kueleza ugonjwa wa gari lake kwa Kiswahili.

Fundi tuliyemwendea ni mzee wa makamo mengi, ambaye mikono yake imeyajua magari tangu enzi za Peugeot 404. Tulimkuta akiwaamua vijana wake katika ubishi. Mmoja wao alikuwa na picha ya gari la zamani la Kimarekani, gari la mashindano ya mbio fupi. Pua ya gari hilo imeinuliwa juu sana, magurudumu ya mbele ni membamba, ya nyuma ni mapana kama mapipa. Kijana akauliza: gari ambalo kazi yake ni kwenda mbele tu, mita mia nne, bila kona hata moja, lina haja gani ya kupimwa magurudumu ya mbele?

Mzee aliitazama picha ile, kisha akalitazama gari letu, kisha akatugeukia. “Afande,” akasema, “siku ile mlipoanguka mtaroni, mlikuwa na watu wangapi nyuma?”

“Tisa, mzee, na mizigo yao.”

“Basi gari lenu lilikuwa limekaa kama hili la pichani. Kitako chini, pua juu. Aliyelipima, alilipima likiwa limekaa hivyo?”

Hatukuwa na jibu.

MBIO ZA MSTARI MMOJA

Swali la kijana yule halikutuacha, nasi tulipopata nafasi tulilifuatilia. Yafaa tuwasimulie wasomaji tuliyoyakuta, kwa kuwa askari na polisi wana sehemu yao katika historia hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wengi wa Marekani walirudi kutoka jeshini wakiwa na ujuzi wa mitambo. Walichukua magari ya zamani, wakayatia injini zenye nguvu, wakashindana mabarabarani usiku, na wengi wakafa. Mwaka 1951 Wally Parks, aliyewahi kutumikia jeshi wakati wa vita hiyo, aliunda chama kiitwacho NHRA ili kuyatoa mashindano hayo barabarani na kuyapeleka penye usalama. Mara nyingi mahali hapo palikuwa njia za ndege zilizoachwa na jeshi. Shindano la kwanza la taifa lilifanyika katika kiwanja cha ndege cha Great Bend, jimbo la Kansas, mwaka 1955. Mwaka mmoja kabla yake, kikundi kilichoongozwa na Bud Coons, askari polisi wa mji wa Pomona huko California, kilizunguka nchi kikiwafundisha watu namna ya kuandaa mashindano salama. Kikundi hicho kilipewa jina la Drag Safari. Naam, ni safari hiyo hiyo ya Kiswahili chetu.

Umbali wa mashindano ni robo ya maili, yaani mita 402. Magari ya miaka ya 1960 yaliyo mfano wa lile la pichani, mengi yakiwa ya kampuni ya Willys, ndiyo kampuni iliyotengeneza jipu za vita, yaliumaliza umbali huo kwa sekunde kumi hivi, yakifika mwisho kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mengi yalifungwa ekseli moja iliyonyooka mbele, juu ya springi za majani, mfano wa jipu na Land Rover za zamani ambazo askari wengi wanazijua. Pua iliinuliwa ili gari linapoondoka uzito uangukie nyuma, matairi yenye kusukuma yapate kuishika ardhi.

Hapa ndipo jibu la kijana lilipo. Uzito ukienda nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na gurudumu jepesi halina neno kubwa juu ya barabara. Linapokuwa jepesi hivyo, kosa la milimita chache hugeuka kuwa ukuta. Gari lisilopinda kona ndilo lenye haja kubwa kuliko yote ya kunyooka.

PEMBE TATU

Mafundi wa Bujumbura, kwa urithi wa Kifaransa, huita kazi hii paralelisimu. Ndani yake mna pembe tatu, na kila dereva wa kikosi inampasa azifahamu.

Ya kwanza huitwa kasta. Utazame uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, bali umelala, ncha yake ya juu ikielekea kwa mwendeshaji. Kwa sababu ya mlalo huo mwendeshaji hodari huweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Gari nalo lina mlalo huo katika mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona. Magari mengi ya barabarani ya zamani yalipewa digrii moja au mbili tu ili usukani uwe mwepesi. Magari ya mbio fupi yenye ekseli iliyonyooka hupewa aghalabu digrii 5 hadi 7, na mengine zaidi, ili yajirudishe yenyewe katika mstari. Katika ekseli ya namna hiyo kasta hurekebishwa kwa kabari ya chuma iingizwayo kati ya springi na ekseli. Lakini kila jambo lina kiasi chake: kasta ikipungua, gari huyumba kama mlevi, ikizidi, usukani huwa mzito na magurudumu huweza kutetemeka kwa kishindo. Tena katika gari lenye kusukuma magurudumu manne, kabari hiyo hugeuza pia pembe ya shafti ya mbele, kwa hiyo si kazi ya kubahatisha.

Ya pili ni kemba, yaani kuinama kwa gurudumu kuelekea nje au ndani ukilitazama kwa mbele. Gari la mbio fupi hutakiwa likaribie sifuri, gurudumu lisimame wima. Kemba ikizidi, tairi huliwa ukingo mmoja, na ikitofautiana kulia na kushoto, gari huvutwa upande.

Ya tatu ni kukutana kwa magurudumu: je, yakitazamwa kutoka juu, ncha zake za mbele zimekaribiana kuliko za nyuma, au zimeachana? Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, barabara huyasukuma ya mbele yarudi nyuma, na ulegevu wote wa viungo huyafanya yaachane. Kwa hiyo hupimwa yakiwa yamekaribiana kidogo, milimita 1.5 hadi 3, ili yakiwa mwendoni yanyooke. Magurudumu yaliyoachana huwinda huku na huku, kila moja likitaka kwenda njia yake.

Mtu asidharau milimita. Chukua tairi lenye kipenyo cha milimita 700, na magurudumu yaliyokosea kwa milimita 6. Kila tairi la mbele litaburutwa kwa ubavu zaidi ya mita 4 katika kila kilomita. Kutoka Bujumbura hadi Gitega, kilomita zipatazo 100, ni zaidi ya mita 400 za kuburutwa kwa ubavu: urefu wa uwanja mzima wa mashindano tuliyoyataja. Mpira unaoliwa hivyo umenunuliwa kwa fedha za taifa.

KAMBA, CHAKI NA ASKARI TISA

Fundi mahiri wa magari ya mbio fupi halipimi gari likiwa limekaa kivivu gerejini. Hulipima dereva akiwa kitini, au uzito kama wake, kisha huiinua pua kwa kiasi ambacho itainuka mwanzo wa mbio, akapima tena. Anajua kwamba mikono ya usukani na mikono ya springi haipandi na kushuka kwa duara moja, na kwamba magurudumu yaliyonyooka gari likiwa chini huweza kuachana pua ikipanda. Anajua pia kwamba hatari haiishi mwisho wa mstari: dereva akikanyaga breki, pua huzama, kasta hupungua, na gari lililonyooka kama mshale laweza kugeuka nyoka.

Mzee wa Bwiza hajapata kuviona viwanja hivyo, lakini alifanya vivyo hivyo. Alitafuta mahali pa sawa kwa pima maji. Akapima upepo wa matairi yote. Akaliinua kila gurudumu la mbele kwa jeki, akalizungusha huku ameshika chaki, hata pakawa na mstari mweupe kuzunguka tairi. Akalishusha gari, akalitikisa ili springi zikae, kisha akapima kati ya mistari miwili, mbele na nyuma, kwa usawa wa katikati ya gurudumu. Mbele palikuwa pafupi kuliko nyuma kwa milimita 2. Akatundika timazi kando ya gurudumu kuangalia kemba; nayo haikuwa na kosa.

“Karatasi yenu haikusema uongo,” akasema. “Sasa leteni wale askari.”

Tuliwaita, wakaja tisa, wakapanda nyuma na mizigo yao, vijana wa mtaa wakiwacheka kwamba wanasafiri bila kuondoka. Springi za nyuma, zilizochoka, zikalala. Pua ikapanda. Mzee akapima tena pale pale, kwa chaki ile ile. Safari hii mbele palikuwa parefu kuliko nyuma kwa milimita 5. Magurudumu yalikuwa yameachana.

Kisha akachukua mtaimbo, akauingiza penye mkono wa chini wa gurudumu la kulia, akausukuma kurudi nyuma kama breki inavyousukuma. Gurudumu zima likaenda nyuma karibu nusu ya upana wa kidole. Bushi ilikuwa imepasuka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. La kushoto halikusogea. Basi kila breki ilipokanyagwa gari likiwa na watu, gurudumu la kulia lilirudi nyuma, likageuka nje, likalivuta gari upande wake.

Pale hakuna aliyecheka tena. Askari waliokuwa juu waliteremka mmoja mmoja, na koplo wetu akageuka akatazama pembeni.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwa kuwa magari ya vikosi vingi vya eneo letu yanafanana kwa kazi, tunaona vema tueleze kwa ufupi mambo ambayo kila dereva na kila mkuu wa magari anaweza kuyafanya bila mashine ya thamani.

Kwanza, viungo hutangulia pembe. Bushi, tairodi, beringi na springi zikaguliwe kabla ya kupima chochote, maana kupima gari lenye viungo vilivyolegea ni kupima maji kwa pakacha. Pili, kasta irekebishwe kwanza, kemba baadaye, na kukutana kwa magurudumu mwisho, kwa sababu kila moja ya zile mbili huiharibu ile ya mwisho. Tatu, asiye na kipimo cha kasta huweza kuikadiria: aligeuze gurudumu digrii 20 upande mmoja, apime kemba, aligeuze digrii 20 upande wa pili, apime tena, tofauti ya kemba akiizidisha mara moja na nusu, jibu litakuwa karibu na kasta yenyewe.

Nne, ikumbukwe kwamba barabara ina mgongo ili maji ya mvua yatiririke. Sisi wa Burundi twaendesha upande wa kulia, na mgongo huo hutuvuta kulia kidogo; wenzetu wa Tanzania, Kenya na Uganda huvutwa kushoto. Gari lililotoka nchi ya kuendesha kushoto, na magurudumu yake yakapimwa kwa ajili ya huko, laweza kuvuta kulia mara dufu likifika kwetu. Afadhali lipimwe upya kabla ya kupewa kazi.

Tano, nalo ndilo kubwa, gari lipimwe katika hali ya kazi yake. Gari la doria lipimwe na doria yake, lori na shehena yake. Asiyeweza kuwapata askari apakie mifuko ya mchanga yenye uzito wao. Gari tupu lililosimama gerejini halimwambii mtu litakavyofanya likiwa na roho kumi na moja juu ya mteremko.

DAFTARI

Bushi mbili mpya zilifungwa, springi za nyuma zikaongezwa majani, na gari likapimwa tena likiwa na watu tisa. Tuliiandika taarifa upya, pamoja na vipimo vya mzee, na koplo akarudishiwa usukani wake pasipo doa katika faili lake.

Lakini limebaki jambo moja ambalo hatuna budi kulisema, hata kama linatuuma. Tulipokuwa tukiiandika taarifa hiyo tulilifungua daftari la gari, lile ambalo dereva hujaza kila arejeapo. Mwezi mmoja kabla ya ajali, kwa mwandiko wa koplo, tulikuta maneno haya: “Linavuta kulia likiwa na watu.” Juma moja baadaye, maneno yale yale. Siku tatu kabla ya safari, yale yale kwa mara ya tatu, yamepigiwa mstari chini. Mahali pa saini ya msomaji palikuwa patupu mara zote tatu.

Dereva alikuwa amelipima gari katika hali ya kazi yake muda mrefu kabla ya mzee wa Bwiza, bila kamba wala chaki, kwa viganja vya mikono yake. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Sisi ndio hatukukisoma.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutia saini hati yoyote ya safari, kwanza twalifungua daftari. Nasi twawaomba wakuu wa misafara wafanye hivyo hivyo, na madereva wasichoke kuandika.